Shikamoo za Njiani

Nilijiunga na timu ya mbio za nyika kwa sababu ya sabuni. Wapo watakaokwambia walianza kukimbia kwa kuwa walizaliwa na kipaji. Mimi niliona kipande cha sabuni ya mche mkononi mwa msichana wa kidato cha pili, nikamuuliza amekipata wapi, akasema kila mwanatimu hupewa chake Jumamosi baada ya mazoezi. Kesho yake asubuhi nilikuwa nimesimama mlangoni kwa mwalimu wa michezo.

Miaka ile ya themanini sabuni ilikuwa kitu cha kuulizana kwa kunong'ona. Duka la ushirika la kijiji lilikuwa na rafu, mizani na muuzaji. Bidhaa ndizo hazikuwepo. Tulifua kwa majani ya mpapai. Bibi yangu mzaa mama, ambaye nilikuwa naishi kwake, alikuwa na gauni moja jeupe la kanisani, na kila Jumapili lilizidi kuwa na rangi ya chai. Hilo lilimuumiza kuliko kukosa sukari. Wazazi wangu walikuwa Nyasho, mjini Musoma, nami waliniacha kwa bibi, upande wa Mugango, kwa sababu shule mpya ya sekondari iliyojengwa na wananchi ilikuwa jirani na kwake.

Nilipomletea kipande cha kwanza alikinusa, akakifunga kwenye pindo la khanga, halafu akaniuliza nimefanya nini mpaka nikapewa. Nikamwambia nimekimbia.

"Ulikuwa unakimbizwa na nani?"

"Hakuna, bibi. Tunakimbia mpaka ziwani, halafu tunarudi shuleni."

"Kwa hiyo mnarudi palepale mlipotokea."

"Ndiyo."

"Na wanakupa sabuni." Akatafakari kidogo. "Kimbia, mjukuu wangu. Usiwaulize maswali, wasije wakashtuka."

Shida ilikuwa salamu. Kwetu mtoto hampiti mkubwa hivihivi. Anasimama, msichana anapiga goti, anasalimia, kisha anangoja kuulizwa habari za nyumbani, za ng'ombe, za mgonjwa kama yupo, naye anajibu moja moja bila haraka. Bibi alikuwa mkali wa jambo hili kuliko wote ninaowakumbuka. Alinifundisha nikiwa bado mdogo sana, pamoja na ruhusa zake chache. Mwenye chakula mdomoni unamngoja ameze. Aliyekupa mgongo humsalimii mpaka ageuke, maana huenda ana lake: anafunga nguo yake vizuri, au anamlilia Mungu wake. Waliobaki wote, goti chini.

Sasa fikiria barabara ya kwenda ziwani. Ilipita kwenye mashine ya kusaga, ikapita kanisani, ikapita gulioni, na kote huko walikaa watu wazima. Wenzangu wengi kwenye timu walitoka mbali, Butiama na Bunda, wamepanga vyumba kijijini, hakuna aliyewajua wala kuwadai adabu. Mimi kila mzee pale alinijua tangu nikibebwa mgongoni. Siku ya kwanza ya mazoezi nilipiga magoti njia nzima. Wenzangu walifika ziwani, wakanawa uso, wakaanza kurudi, wakanikuta namweleza mama mmoja hali ya mguu wa bibi.

Mwalimu wa michezo alikuwa kijana wa upande wa Nyamuswa, kwao wakulima wa pamba na wafugaji. Alikimbia nyuma ya kundi na filimbi mdomoni. Aliponiona chini alisimama.

"Wewe binti, mbona unapigaga magoti kila mahali? Unaumwa?"

"Namsalimia mama, mwalimu."

Akataka kusema neno, lakini yule mama alikuwa amemgeukia yeye sasa, anamtazama na kungoja. Mwalimu akatoa filimbi mdomoni. "Shikamoo, mama," akasema, na akaulizwa habari za Nyamuswa, za pamba, za wazazi wake kama wako hai. Tulirudi shuleni pamoja, wa mwisho wote wawili.

Njiani aliniambia, "Hata kwetu tunasalimiaga, siwezi kukukataza. Lakini mbio ni mbio. Jaribu kusalimia huku unakimbia."

Nikajaribu. Wiki mbili tatu nilipita nikirusha shikamoo kushoto na kulia, nikashangaa miguu yangu ilivyokuwa myepesi kumbe. Niliwapita wasichana wa Bunda, nikawapita na baadhi ya wavulana. Kwenye mteremko wa ziwani, pale harufu ya dagaa walioanikwa inapokupokea, nilianza kusikia furaha ambayo haikuwa na uhusiano wowote na sabuni. Nilikuwa mtoto mpole, wa kutumwa huku na kule, na hapo kwa mara ya kwanza niliona kuna kitu changu mwenyewe. Nilikipenda sana. Hata sasa nikikikumbuka kifua kinajaa.

Kisha mzee mmoja wa kanisa akaja kwa bibi jioni, akakaa, akanywa uji, na baada ya habari zote akasema lililomleta.

"Huyu mjukuu wako ananitupiaga salamu kama anatupia kuku mahindi."

Bibi aliinama, akafuta kibuyu cha uji ambacho tayari kilikuwa safi. Mzee alipoondoka aliniita.

"Wanasema nimeshindwa kukulea," akasema. Hakunikaripia, na ningependa angenikaripia. "Kukimbia sikukatazi. Lakini salamu ya kutupa haiokotwi. Ukimkuta mtu, simama."

Juma lile lile mwalimu akatangaza mchujo. Lori lingekwenda Bunda kwenye mashindano ya shule, na lisingebeba timu nzima. Tungekimbia Jumamosi, njia ileile ya ziwani, na watakaotangulia ndio wangepanda. Alisema mbele ya wote, ila macho yalikuwa kwangu: atakayesimama njiani atabaki.

Sikulala vizuri siku zile. Bunda penyewe nilikuwa nimeshapita mara nyingi, hapakunipa hamu. Nilichotaka ni kuhesabiwa miongoni mwa wanaokwenda. Na nilitaka pia bibi asiaibike, na mambo hayo mawili hayakukaa kwenye barabara moja.

Ijumaa jioni tukichambua mboga aliniuliza, bila kuinua uso, "Kesho mtapita gulioni?"

"Tutapita, bibi. Kwenda tutapita watu hawajafika, halafu tena tukirudi."

"Jua likiwa wapi?"

"Saa nne hivi."

"Saa nne watu wote wako gulioni," akasema, akaendelea na mboga zake.

Nilichukulia kuwa ananikumbusha kusimama. Jumamosi ndiyo siku ya gulio, na yeye mwenyewe huuza mihogo pale, katikati ya wenzake. Hapo nikaamua. Wengine nitawapita, nitakwenda kuomba radhi baadaye. Lakini kwa bibi nitasimama. Nitapiga goti langu, nitajibu habari zote, na lori liende.

Asubuhi tulitoka peku kama siku zote; viatu vya mitumba vilikuwa bado havijafika kwetu. Kwenda nilikimbia vizuri, kurudi nikakimbia vizuri zaidi. Mbele yangu walikuwa wasichana wachache tu, na sehemu ngumu iliyobaki ilikuwa mlima wa gulioni. Nilipoukaribia moyo ulianza kwenda mbio kwa sababu nyingine. Niliona ile safu ya akina bibi walipozoea kukaa, na nikaanza kupunguza mwendo ili nisije nikamwangukia nitakapopiga goti.

Walikuwa wamesimama. Wazee wa gulioni hawasimami ovyo, wana magoti mabaya. Nikadhani kuna msiba. Nilipofika karibu nikaona kwamba hakuna hata uso mmoja unaotazama barabara. Wauza mihogo, wauza tumbaku, mama mwenye vyungu, wote walikuwa wamenipa mgongo. Yule mzee wa kanisa naye alikuwemo, anageuza shingo kutazama nini kinaendelea, na mkono wa mtu ukamshika bega ukamrudisha.

Ulikuwa mkono wa bibi. Alikuwa amevaa gauni la kanisani, siku ya Jumamosi, jeupe kabisa, limefuliwa kwa sabuni yangu. Alisimama wima kama mtu anayesikiliza mahubiri. Na nyuma, kiunoni, mkono wake mwingine ulikuwa unapepea vidole harakaharaka, vile anavyofukuza kuku kwenye mtama: nenda, nenda, nenda.

Sijui niliumalizaje mlima. Najua nilikuwa nalia, na kulia na kukimbia havipatani, pumzi inakatika. Hata hivyo nilimpita msichana mmoja wa Butiama, akaniuliza kama nimeumia. Shuleni mwalimu alikuwa ameshatangulia kwa baiskeli. Alinitazama machozi, akatazama njia niliyotoka, akasema tu, "Utapanda lori." Sabuni siku hiyo haikuwepo, duka la ushirika lilikuwa halijapata mgao. Sikuiulizia.

Niliazima khanga, nikajifunga, nikarudi gulioni kwa miguu, polepole. Safari hii walikuwa wameketi, nyuso zote barabarani, wakiendelea na biashara kana kwamba hawajawahi kuinuka. Nikaanza na aliyekuwa mwanzo kabisa. Goti chini. Shikamoo. Habari za nyumbani, za ng'ombe, za mgonjwa. Nikaenda kwa wa pili, nikaenda kwa mama wa vyungu. Yule mzee wa kanisa aliitikia marahaba ndefu, akaniuliza mpaka habari za wajomba, nami nikazijibu zote.

Bibi nilimwacha wa mwisho. Nilipiga magoti yote mawili mbele ya mihogo yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Habari za huko utokako?"

"Nzuri."

"Mbio zenu zimekwendaje?"

"Nitakwenda Bunda, bibi."

Akaguna kidogo, akapanga upya mihogo ambayo ilikuwa imepangika. Midomo ilikuwa inamtetemeka kwa kicheko alichokuwa anakizuia, na macho yalikuwa na maji.

"Mlipita njia gani?" akauliza kwa sauti ya kusikika na wenzake. "Tumekaa hapa tangu asubuhi, hatujakuona."