Nilifuta ngombe kumi za Papa Furaha

Kosa ni yangu, musitafute muntu mwengine. Si vita, si umeme, si shetani, yule anayesingiziwa kila kitu hapa kwetu. Ni mimi, fundi mukubwa wa jeux vidéo, ile michezo ya kompyuta, akili mingi mpaka inamwagika. Nipigieni makofi.

Mimi ni mutoto wa boutique. Baba alitokaka Butembo zamani, akafungua duka Bweremana, anauza sukari, sabuni na misumari. Nilikuwa nasoma Goma, ku chuo moja yenye section ya kutengeneza jeux. Ndiyo, iko, usicheke. Vita ilipokaribia muji, wakubwa wa chuo walipakia ordinatere, kompyuta zao sita, mu boti, wakatuhamishia ku salle ya parokia, pale pale Bweremana kwetu. Tukasomea kati ya sanamu ya Bikira Maria na magunia ya maharagi ya wakimbizi. Umeme ilikuwa ya panneau moja ya jua, ya mapadri. Wingu ikipita tu, somo imekwisha!

Kazi ya mwisho wa mwaka: wanafunzi wawili wawili watengeneze jeu moja, waionyeshe mbele ya jury ya walimu na wazazi. Nilipangwa na dada mumoja, nimuite Furaha, hiyo si jina yake. Yeye anachora, mimi naandika program. Kwao walikuwa wakimbizi wa Kirolirwe. Baba yake, Papa Furaha, alikuwa na ngombe kumi na moja kule ku kilima. Wenye bunduki walikuja asubuhi moja wakazipeleka zote, familia ikashuka Bweremana na sufuria mbili.

Jeu yetu ilikuwa ya kuchunga: unashusha ngombe kumi na moja mpaka ku maji, bila hata moja kupotea. Furaha akasema tuweke ngombe za kwao zenyewe. Wiki tatu alichora ku tablette ya chuo, amekaa mu hema ya shitingi katikati ya wazazi wake. Papa anasema rangi, Mama anamukosoa.

"Ile haikuwa nyeupe! Ilikuwa rangi ya majivu. We Papa Furaha, unasahau ngombe yako?"

Mama ndiye alikuwa anazipa chumvi kila siku, kwa hiyo Papa alikuwa anashindwa kila mara, na wanacheka. Kila ngombe ikapata pembe zake na mwendo wake. Kulikuwa hata yenye kuchechemea. Mimi nikamuambia Furaha: "Dada, ngombe ni ngombe!" Sisi wa boutique tunaijua ku mushikaki tu, na pale haijatuambiaka jina yake.

Mwezi uliofuata Mama yake Furaha akafa, homa, siku tatu tu. Nilienda ku kilio, nikabeba viti. Ona muntu muzuri!

Furaha akakaa nyumbani wiki mbili na baba yake. Mimi nikabaki na jeu, na jeu ilikuwa nzito. Ordinatere ilikuwa ya zamani, ngombe zikianza kutembea yote inakwama. Ningeenda kumuuliza Furaha, ni dakika kumi kwa miguu. Wapi! Bwana fundi aulize? Nikabakiza ngombe moja, ile yenye jina ya kwanza kwa alfabeti, Bihogo, nikaiweka mara kumi na moja. Jeu ikakimbia vizuri.

Ingeishia hapo, ningesamehewa. Lakini ordinatere ilikuwa imejaa, na mimi nilitaka kuweka jeu ya mupira, nicheze na wenzangu saa ya mapumziko. Nikafuta dossier yote yenye michoro ya ngombe. Tablette ilikuwa imekwisha kusafishwa, imepewa wengine. Kopi? Kopi ni ya waoga! Kule Kirolirwe walikuja wengi na silaha. Mimi nilitumia kidole moja.

Siku ya jury Papa Furaha alikuja amenyoa, amevaa koti ya kuazima, na ameleta majirani wawili wa Kirolirwe waje waone ngombe zake. Furaha, aliporudi ku chuo, nilikuwa nimemuambia asiiangalie jeu kabla ya siku ile, ati ni surprise. Profesa akanishika mukono: "Jeu nyepesi sana, bravo!" Nikavimba.

Papa akasogeza uso karibu na kioo ya ordinatere.

"Bihogo!" Akacheka, akaonyesha majirani. Akahamisha kidole. "Bihogo." Akahamisha tena. "Bihogo..." Akanigeukia: "Mutoto yangu, zengine ziko wapi?"

Ningesema ukweli. Ayi, mimi!

"Papa, ni virusi. Virusi ilizikula."

Unajua alinijibu nini? Aliweka mukono ku bega yangu. "Pole, mutoto yangu. Kumbe na wewe walikunyanganya."

Mungu wangu! Nilitaka sakafu ya mapadri inimeze. Furaha yeye hakunipa pole. Aliangalia ile jeu ya mupira kwenye ordinatere, akaniangalia. "Virusi yako inapendaka mupira," akasema, akamushika baba yake mukono wakatoka. Tukapata pointi nzuri. Tangu siku ile hajaongea na mimi.

Siku nne sikulala vizuri. Jumapili nikaenda ku hema, nikamuambia Papa yote, nikilia. Nilikuwa nimebeba daftari na kalamu za rangi, ati tuzichore upya. Hakunifukuza. Alisema: "Kaa."

Ya kwanza tukamaliza. Ya pili pia. Ya tatu, akasema, ilikuwa na doa jeupe ku ubavu. Akagusa ubavu yake ya kuume. Akagusa ya kushoto. Akageuka ku mukeka wa Mama, ulio wazi: "Mama Furaha, ilikuwa..."

Akarudisha mukono ku magoti.

Mimi, fundi, nikasema: "Papa, tuweke kuume tu, nani atajua?" Akafunga daftari polepole. "Hapana. Ngombe yangu usiibahatishe."

Wewe unayesoma, una kidole kama changu. Kabla ya kufuta kitu ya muntu, enda umuulize, hata kama unakiona ni upuuzi. Mimi narudia pale kila Jumapili. Papa ananipa kiti, na daftari bado imefungwa.