Siku Baba Mkwe Aliponikuta Nikicheza Peke Yangu

Leo nacheka, lakini aibu ile ikinijia nikiwa napika, naacha mwiko sufuriani nikajifunika uso kwa khanga, na wala hakuna anayenitazama.

Miaka ya sabini ilikuwa inaishia, tunakaa Uyole, mume wangu Ambakisye ni dereva wa Mzungu mmoja mtaalamu wa mpunga, mimi namfanyia usafi wa nyumba. Mzungu yule alikuja na televisheni (msiniulize alitazama nini, huku Bara hapakuwa na kituo hata kimoja) pamoja na kisanduku cha mchezo cha kuunganisha nayo: vijiti viwili vyeupe, kimoja kulia kimoja kushoto, na kidoti kinachorushwa huku na huku, tok, tok. Kila kijiti kina kidude chake cha kuzungusha kwa vidole, chenye waya mrefu.

Mzungu alituruhusu kucheza, na watu walipenda kucheza wawili wawili. Mimi nasema wazi, hawakujua utamu! Mwenzako anakupigia kelele, anakusukuma kiwiko, akifungwa anasema kidude kibovu. Raha yangu ni peke yangu, mapazia nimeshusha, mkono huu kidude hiki, mkono ule kile, najifunga mwenyewe najipongeza mwenyewe, nani wa kunibishia? (Bibi aliyenilea alikuwa akinigombeza nikicheza bao peke yangu, ati mchezo wa wawili ukiucheza peke yako, ile nafasi ya pili haikai wazi. Bibi alikuwa amefariki masika yale, na mazishini sikufika, barabara ya Tukuyu ilikatika kwa mvua.)

Sasa, kwetu Wanyakyusa mke hamwoni baba mkwe. Humtazami, husemi naye, akifika anakohoa nje nawe unapotea. Na baba mkwe alikuwa anakuja Jumapili kuona tunavyoishi, akiridhika atupe shamba la migomba tujenge. Ambakisye, kabla ya kuondoka na Mzungu kwenda Madibira, akaniambia, "Mke wangu, nakuomba. Ukimvunjia mzee mwiko mara moja tu, shamba hatulioni."

"Kwani mimi mtoto?" nikamjibu.

Jumamosi mchana niko kazini kwa Mzungu, ukungu ukashuka mpaka dirishani, baridi ya kukata masikio, nikavaa koti la mume wangu na kofia yake ya sufu. Nguo za kupiga pasi zimejaa. Nikasema nicheze kidogo tu, na hicho kidogo ndicho kilichoniponza. Kidude kimoja kilikuwa huko nyuma, kwenye kiti cha Mzungu, nikaona uvivu kukifuata, nikacheza na kimoja, ule upande wa pili nikauacha ufungwe tu.

Tok. Kidoti kikaenda. Kikarudi.

Nikadhani bahati. Nikapiga juu kabisa. Kile kijiti cha pili kikapanda, taratibu, kama mtu anayeumwa magoti, kikarudisha. Nywele zikanisimama chini ya kofia. Nikautazama waya wake, umepotelea gizani nyuma yangu, na kugeuka sithubutu.

"Bibi?" nikanong'ona. "Kama ni wewe, rudisha na hiki."

Kikarudishwa.

Jamani! Woga ulikuwepo, lakini na raha ilikuwepo, nidanganye nini. Nikaanza kuongea, "Ndaga bibi, asante kuja, nisamehe sikufika kukuzika," machozi yananitoka na huku namfunga (mchezo ni mchezo), "Kamata hicho, kizee wewe!"

Nyuma yangu mtu akakohoa.

Nikageuka. Kwenye kiti cha Mzungu kakaa mzee na fimbo yake, ananitazama. Sikuwahi kumwona usoni, lakini pua ile ilikuwa ya mume wangu mtupu. Kumbe kapata lori siku moja kabla, kwetu hakukuta mtu, kaelekezwa kwa Mzungu, kakohoa mlangoni wee hakuna jibu, mlango wa jikoni uko wazi, baridi inamla, kaingia, kaona koti na kofia akadhani ni mwanawe yuko kazini na mashine ya Mzungu.

Nikavuta koti kichwani nikatoka mbio, waya umenizonga mguu, kisanduku kinanifuata kinagonga ngazi, moja kwa moja hadi bombani kwa wanawake wanaochota maji. Na wao waliona nini? Mtu kajifunika uso, anakimbia na mali ya Mzungu. "Mwizi! Mwizi!" Ndoo zikaachwa, mawe yakaokotwa, na mimi kujifunua siwezi, maana mzee anakuja nyuma! La kwanza likanipata begani nikaanguka kwenye matope.

"Acheni!" nikasikia mzee akipiga kelele. "Huyo ni mkamwana wangu!"

Kicheko kilichofuata, nadhani hata Chimala walikisikia.

Jioni Ambakisye alirudi, akakaa na baba yake sebuleni kwetu, mimi jikoni, sikio ukutani. Mzee akasema, "Mwambie mkeo shamba ni lenu. Aliyekubali kupigwa mawe ili asinionyeshe uso, mwiko anaujua."

Nikapumua. Nikamtuma mume wangu aniombee radhi, kwamba nilimwita kizee na kumfunga vibaya vile.

"Kunifunga mimi?" mzee akashangaa. "Kile kidude nilikikuta kitini, nikakiweka sakafuni nipate kukaa. Sikukigusa tena. Nilitazama vile vijiti viwili vinacheza, nikadhani ndivyo mashine ilivyo."

Tangu siku hiyo nimeapa sitacheza tena nimeupa mlango mgongo, na mtu akikohoa hata umbali wa maili moja, naacha kila kitu. Migomba tunayo, inazaa. Bega lilipona, na wanawake wa bombani walichoka kunicheka. Kinachoniuma ni kingine. Kama hakuwa mzee, basi bibi yangu alikuja mwenyewe mpaka Uyole, akakaa na mimi, akanisikiliza, na mimi nikamkimbia. Mara ya pili hiyo, bila kumuaga.