Mizizi ya Mama Katika Maabara

Mama aliujua mti mmoja wa porini, upande wa Kipalapala, kwetu Tabora. Jina lake silitaji, maana watu wetu wakisikia mti fulani ni dawa hukimbilia panga. Aliichimba mizizi yake, akaianika juu ya bati, akawachemshia wanawake wa mtaani kwake Isevya wenye maumivu ya magoti. Yeye mwenyewe aliinywa. Bila hiyo, alisema, asingeweza kusujudu.

Mimi nafanya kazi maabara, Dar es Salaam. Nilijitia kimbelembele cha kuipima dawa ya mama. Nikaisaga mizizi, nikailoweka katika spiriti siku tatu, nikaanza na kipimo cha antioksidanti, vile vitu vinavyouzuia mwili usipate kutu. Pale, maji ya zambarau yakigeuka njano, mmea una nguvu. Yaligeuka kabla sijakaa sawasawa kitini. Nilifurahi kama mtoto siku ya Idi.

Kisha nikaitia dawa kwenye chembe hai za ini. Kipimo hiki ni kinyume cha kile: chembe zilizo hai huleta zambarau, zilizokufa huacha njano. Nilikuta sahani nzima njano. Nilirudia mara tatu, hali ikawa ile ile.

Nilisafiri hadi Tabora nikamwambie uso kwa uso. Nikamwamkia, nikakaa mkekani, nikasema dawa yake inaua ini.

"Mliichemsha?" aliuliza.

Nikamjibu, kwa ile haraka ya mtu aliyesoma, kwamba sisi hatuchemshi, tuna spiriti inayotoa kila kitu.

"Haya, mwanangu. Wewe ndiye uliyesoma."

Tangu siku ile aliswali ameketi. Mwaka uliofuata akafariki kwa ugonjwa wa moyo, na sisemi kwamba mizizi ingemponya.

Siku ya arobaini, tukiosha masufuria, jirani yake aliyezoea kumsaidia kuchemsha alinieleza. Maji ya kwanza mama aliyamwaga shimoni, akayafukia ili kuku wasije wakayanywa. Wagonjwa walipewa ya pili. Wachimba dawa wa kwetu wote wanalijua hilo. Mimi nililelewa kando ya jiko lile na sikuwahi kuuliza.

Nilirudi kazini nikachemsha kama yeye. Maji ya kwanza yaliua. Ya pili, chembe ziliishi, sahani ikawa zambarau tupu. Nililia pale pale, glavu mkononi.

Chembe za kwenye sahani si mwanadamu, najua, na kazi bado ni ndefu. Hata hivyo nilimpigia simu yule jirani nikamwambia nilikosea. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia kwamba mama, kwa magoti yale yale, alipita nyumba kwa nyumba akiwasihi wanawake waitupe mizizi.

"Mmoja wetu akamwambia labda binti yako kakosea," alisema. "Mama yako alikasirika. Akasema, mwanangu hawezi kukosea."