Mama Hedwiga na Ngolo za Mteremko wa Matiri

Recho alifika Matiri mwezi wa tatu, kamera begani, akitafuta watu wawili: mzee wa kueleza ngolo, yale mashimo ya kulimia mteremkoni, zilivyoanza, na mwanamke wa kuchimba huku mzee akieleza. Filamu yenyewe ilikuwa ya historia ya wanawake wa Umatengo! Hakuona kasoro. Mama Hedwiga, mkulima aliyemwendea achimbe, aliiona kabla salamu hazijaisha.

“Marahaba. Kwa hiyo mimi jembe, mwanamume mdomo?”

Recho akacheka. Miaka kumi ya kupiga picha za harusi Mbinga mjini ilimfundisha kuwa anayeanza kwa kushambulia ana anachotaka. “Sema shida yako, mama.”

Shida ilikuwa mteremko ule aliosimama juu yake. Mumewe alifariki mwaka jana, na shemeji yake Othmar alikuwa amedai mbele ya baraza la kata kwamba shamba ni lake, kwani ngolo zote alizichimba yeye. Hedwiga, aliyeinamia udongo ule miaka thelathini na minne, aliambiwa alete ushahidi.

“Nakupa historia. Wewe picha uipeleke barazani kwanza.”

“Nimewaahidi akina mama wa parokia kuwa wa kwanza kuiona, mwezi wa sita.”

“Mwezi wa sita nitakuwa nimeshafukuzwa. Funga begi lako.”

Recho hakufunga. “Barazani kwanza, ila nipe siku tatu.”

“Mbili. Na utachimba ngolo tano kwa mkono wako, usije ukasimulia usichokijua.”

Wakapeana mikono.

Kesho yake Othmar, aliyealikwa na Recho aeleze upande wake, alikuja amevaa koti, watu wamejaa ukingoni mwa shamba. Alipanga nyasi zilizofyekwa katika miraba iliyonyooka, na hapo alistahili sifa. “Ngolo ni kazi ya akili,” aliiambia kamera. “Zote hizi ni mkono wangu.”

“Basi baba, tuchimbie moja tuone,” Recho akasema.

Othmar akavua koti, akapiga jembe mara tatu. Akanyoosha mgongo, akageukia nyumbani kwake, na kwa mazoea ya maisha yake yote akapaza sauti kumwita mkewe: “Mama Dorothy! Nyasi tayari, njoo uchimbe!”

Jirani yao Vitalia akaketi chini kwa kicheko, na wengine wakamfuata.

“Ahsante, shemeji!” Hedwiga akapiga vigelegele. “Shahidi umemwita mwenyewe!”

Recho hakuizima kamera. Hedwiga akachukua jembe: udongo ukatoka katikati ya mraba, ukafunika nyasi pande zote nne, shimo likabaki wazi kungojea mvua. Alisimulia bila kusimama: mama yake, bibi yake, nani alimfundisha nani. Hakuhema! Recho alipochimba zake tano, ya pili ilibomoka na viganja vikatoa malengelenge.

Baraza liliitazama picha mara mbili. Ya pili kwa kucheka tu. Mteremko ukabaki kwa Hedwiga. Othmar aliondoka na koti lake na jina jipya, Nyasi Tayari.

Recho naye alipoteza alichojua atapoteza: parokiani, akina mama waliitamka kauli ya Othmar kabla hajaisema kwenye picha, kwani habari ilishaenea. Lakini siku hiyohiyo wanawake wa Mpepai na Liparamba walimshika mkono, nao wanataka filamu yao.

Hedwiga aliondoka na kimoja zaidi, ambacho hakikuwa kwenye makubaliano. Maandishi ya mwisho wa filamu aliyasimamia mwenyewe: Msimulizi, Hedwiga. Jembe, Recho.