Baiskeli Yangu Ilifika Kisumu Mara Tatu, Mimi Nikiwa Jikoni

Niseme mapema ili msije mkanihurumia bure: kosa ni langu, na lilianzia kwenye bakuli.

Kuna wakati niliamini, kwa moyo wote na kwa cheti changu cha kidato cha nne, kwamba ng'ombe dume akitembea kutoka Narok mpaka vichinjio vya Dagoretti, kilomita zote alizotembea hulala ndani ya kwato zake. Ukichemsha kwato, kilomita zinatoka. Ukinywa supu, zinateremka moja kwa moja mpaka kwenye magoti yako na kukaa humo zikikungoja.

Habari hii nilipewa na Karanja, muuza supu ya miguu pale karibu na kichinjio, mtu anayekumiminia bakuli la pili kabla hujalimaliza la kwanza. Sikumuuliza swali hata moja. Nilitoa kalamu nikapiga hesabu kwenye kiganja. Bakuli tatu, Kisumu. Na kilomita zinabaki za kurudi mpaka karibu na Kericho.

Sasa mtauliza, tarishi wa ofisi ndogo ya Hurlingham alitaka kwenda Kisumu kwa magoti kwa nini?

Mwaka jana kulitangazwa ziara ya baiskeli ya hisani. Nairobi mpaka Kisumu, siku nne. Kila ofisi ingetoa mwendeshaji mmoja. Mwendeshaji akifika Kisumu kwa nguvu zake, wafadhili wanatoa kiti kimoja cha magurudumu kwa mtu aliyependekezwa na ofisi hiyo. Asipofika, hakuna kiti. Ofisi yetu ilimpendekeza Mzee Wafula.

Mzee Wafula ni babake Rispah, dada anayepokea wageni pale mlangoni kwetu. Alikuwa seremala Dagoretti mpaka siku alipoanguka kutoka juu ya lori alilokuwa akilipigilia mbao. Tangu siku hiyo miguu ikawa mapambo. Kila Jumapili Rispah na kaka yake walimbeba kwenda kanisani Kawangware juu ya kiti cha plastiki, kile cheupe cha harusini, mmoja mbele mmoja nyuma, na mzee katikati akiwasalimia majirani kama chifu.

Waliojitokeza kugombea nafasi ya ofisi walikuwa wawili. Rispah alitaka kwa sababu ya babake. Mimi nilitaka kwa sababu anayefika Kisumu anapewa cheti.

Msinicheke. Nilimaliza sekondari nikiwa na miaka thelathini na tatu, katika shule ya usiku, nikikaa dawati moja na mwanamume mwenye wajukuu. Mtu aliyekosa vyeti utotoni akianza kuvipata hashibi. Ukuta wa nyumba yangu ulijaa: cha kidato cha nne, cha ubatizo, cha huduma ya kwanza. Hata kadi ya chanjo ya binti yangu Shiro niliiweka kwenye fremu. Pembeni ya dirisha palibaki nafasi moja, na nafasi hiyo ilikuwa inanitazama.

Meneja wetu, mama asiyependa maneno mengi, alitupa kila mmoja baiskeli, kadi ya mazoezi, na kimita kidogo cha kufungwa kwenye gurudumu la mbele. "Miezi miwili," akasema. "Mwenye kilomita nyingi ndiye anaenda. Mwingine ni wa akiba." Kisha akarudi kwenye simu yake.

Siku ya kwanza nilitoka Dagoretti nikielekea Karen. Nilifika kwenye kituo cha kwanza cha mafuta. Kile kiti cha baiskeli, ndugu zangu, sijui kilichongwa na adui wa nani. Nilirudi nyumbani nikisukuma baiskeli kama mtu anayeihurumia, na usiku huo nililala kifudifudi kama chapati.

Kesho yake nikaenda kwa Karanja, nikapewa ile habari ya kwato, na roho yangu ikatulia. Miguu imepata dawa. Limebaki suala la kadi tu.

Kama miguu inafanya mazoezi yake ndani ya supu, nilijiambia, basi kimita ni mambo ya karatasi tu. Kikajazwe popote. Nikaipindua baiskeli jikoni, magurudumu juu, nikaketi kwenye kigoda na kuanza kuzungusha gurudumu la mbele kwa mkono huku nikisikiliza redio. Saa moja, kilomita ishirini. Taarifa ya habari peke yake ilinifikisha Kikuyu.

Mama Shiro, mke wangu, alikuwa akinipita na sufuria.

"Baba Shiro, tumefika wapi leo?"

"Tuko Naivasha."

"Basi ukipita Nakuru uninunulie viazi. Hapa ulipokaa ndipo nilikuwa nataka kupikia."

"Wewe huelewi sayansi."

"Kweli sielewi. Ninachoona ni mkono mmoja umenenepa kuliko mwingine."

Ilikuwa kweli. Mkono wangu wa kulia ulipanda cheo. Miguu ilibaki pale pale, imejaa supu.

Rispah naye alikuwa akiamka alfajiri, anaendesha mpaka Kikuyu, anageuka, anateremka mpaka kazini Hurlingham, anaoga bafu la ofisi na saa mbili kamili yuko mlangoni anasema karibu. Jumamosi alipanda Ngong. Mbwa wa Karen walimjua kwa jina. Alianguka mara mbili, goti moja likabaki na kovu la umbo la Uganda.

Wiki ya mwisho tuliweka kadi zetu mezani. Yake, mia sita na kitu. Yangu, elfu moja, mia moja na arobaini.

Rispah aliitazama kadi yangu kwa muda mrefu. Nilidhani ataangua kilio au aniite mwongo. Akanipa mkono.

"Nilidhani wewe ni wa mdomo tu," akasema. "Nisamehe. Kumbe wakati mimi nalala wewe uko barabarani."

"Ni kujituma tu, Rispah."

"Mimi sijali nani anaenda. Cheti chukua. Ila kiti cha baba ukifikishe."

Hapo ndipo mtu mwenye akili angesema ukweli. Mimi nilisema, "Hesabu kimefika."

Asubuhi ya safari tulikusanyika Upper Hill, waendeshaji kama sitini, wote tumevaa zile suruali za kubana ambazo hazimfichi mtu. Mimi nilikuwa nimekunywa bakuli nne tangu jana yake, moja ya tahadhari. Rispah alikuwa juu ya lori la maji, mwendeshaji wa akiba. Alishuka akanijia.

Sheria ilikuwa hivi: wa akiba anaweza kuchukua nafasi kabla ya kipenga tu. Kipenga kikishalia, aliyeanza ndiye anayemaliza.

"Baba Shiro, miguu iko sawa?" akaniuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Ukisema la sasa hivi, naingia mimi. Hakuna atakayekucheka."

Nimeyarudia maneno hayo kichwani mara nyingi kuliko wimbo wa taifa. Alinifungulia mlango, akaushika ili usinigonge, na bado sikutoka.

"Iko zaidi ya sawa," nikasema. Nikapiga magoti yangu makofi mawili, kama dereva anayepiga matairi teke.

Kipenga kikalia.

Barabara ya Ngong niliimaliza kwa sababu ya aibu. Kuna watu walisimama kando wakipiga makofi, na makofi yana petroli yake. Karen niliimaliza kwa sababu kuna mteremko na Mungu ni mwema. Kisha tukakata kuelekea soko la Dagoretti, na barabara ikaanza kupanda. Si mlima wenyewe, jamani. Ni kale kamwinuko ambako mama aliyebeba mtoto na gunia la mboga hukapanda akiongea. Wazee wa benki wenye matumbo yao wakanipita. Dada mmoja alinipita akila ndizi.

Nikaita zile kilomita za magotini. Nikaziita kwa jina, Narok, Narok. Hakuna aliyeitika.

Nilipoanguka sikuanguka kwa kishindo. Baiskeli ilisimama tu, ikafikiri kidogo, kisha ikaniegemeza kwenye mtaro. Nikainua macho. Mbele yangu, nawaapia, palikuwa na kibanda cha Karanja na mvuke ukitoka kwenye sufuria.

"Mteja wangu," akasema Karanja. "Umefika tayari kutoka Kisumu?"

Lori la maji lilisimama. Rispah akaruka chini, akanishika mguu, akaukandakanda. Unajua mtu akishika mguu wa mwenzake anajua. Ulikuwa laini kama andazi la jana. Akanitazama usoni.

"Elfu moja na mia moja ulizitoa wapi?"

Sikuwa na pumzi ya kudanganya, kwa hivyo nikamwambia. Gurudumu, jikoni, mkono, redio. Nikamwambia yote nikiwa nimelala mtaroni na karoti iliyooza karibu na sikio langu.

Hakunitukana. Ningependa angenitukana. Alisimama, akamkimbilia kiongozi wa msafara, akamwomba aendeshe yeye kutoka hapo mpaka Kisumu. Nilimwona akionyesha kovu la goti. Kiongozi alikuwa mtu mzuri. Alitoa karatasi ya sheria akamsomea polepole, kama mtu anayesoma barua ya msiba. Rispah akarudi, akainua baiskeli yangu peke yake akaitupa juu ya lori.

"Panda," akaniambia. "Unawazuilia wengine njia."

Hivyo ndivyo kiti cha Mzee Wafula kilivyokwama Dagoretti. Waliofika Kisumu walifika, na viti vilitolewa, watu wakapigwa picha. Mimi nilifika kwenye supu.

Jioni ile niliyoanguka nilimwomba Rispah amweleze babake kwa niaba yangu. Akasema, "Mdomo unao. Hata mkono mkubwa unao." Basi nikaenda Kawangware mwenyewe. Mzee alikuwa ameketi mlangoni kwenye kiti chake cha plastiki. Alikuwa amenyoa. Alikuwa amenyoa akingoja habari njema ya siku ya kwanza, na mimi nikamletea ya gurudumu la jikoni.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Kijana, una mgongo?"

"Ninao, mzee."

"Jumapili hii uje nao. Kaka yake Rispah amepata kazi Thika."

Tangu siku hiyo, kila Jumapili nambeba Mzee Wafula mgongoni mpaka kanisani na kumrudisha. Hatua mia nne kwenda, na kurudi zinakuwa elfu tisa, kwa sababu anakula vizuri. Kwenye kona yenye mawe huniambia masikioni, "Gia ya pili, kijana. Hapa kuna mlima." Watoto wa Sunday School hutupigia kengele kwa midomo. Nyumbani, ile nafasi pembeni ya dirisha bado iko wazi, na nimemwambia Mama Shiro asiweke kitu.

Mwezi ujao kuna ziara nyingine. Mwendeshaji wa ofisi ni Rispah, bila kadi, bila mashindano. Mimi nitakuwa juu ya lori la maji.

Kwa hivyo wewe unayesoma hapa ukiwa na jambo lako la kufoji: kitabu cha mahudhurio, kadi ya mazoezi, chochote kile ambacho wewe unakiona karatasi tu. Kabla hujatia mkono, tafuta nani ameketi upande wa pili wa karatasi hiyo. Mimi sikutafuta. Alikuwa ameketi kwenye plastiki, amenyoa. Na kama kuna mtu amekufungulia mlango wa kusema la, sema la. Utachekwa kwa wiki moja, basi. Mimi nachekwa kila Jumapili, kwenda na kurudi.

Lakini ungamo nusu si ungamo, kwa hivyo niwape na kipande cha mwisho.

Mambo hayo yote hayakunifanya niache kuiamini ile supu. Nilijua nimekosa kwenye gurudumu. Kwenye supu niliona nilikuwa sawa, ila labda sikunywa ya kutosha, au Karanja alinipa kwato za nyuma badala ya za mbele. Basi Jumapili iliyopita, baada ya kumketisha mzee mlangoni kwake, nilitoa chupa ya chai kutoka kwenye mfuko, imejaa supu ya moto.

"Hii ni ya nini?" akauliza.

"Ni ya Rispah, mzee. Ya kumwandaa kwa Kisumu." Nikamweleza kwa utaratibu, kama mwalimu: ng'ombe dume, Narok, kutembea, kwato, magoti.

Rispah alikuwa ndani akifunga pedali mpya. Nilisikia spana ikinyamaza.

Mzee Wafula alifungua chupa, akanusa, akajimiminia kidogo kwenye kifuniko na kuonja. Akaitikia kwa kichwa kwamba ina chumvi ya kutosha. Kisha akanitazama kwa upole kabisa, kama mtu anayemwambia mwenzake kwamba shati amelivaa nje ndani.

"Kijana, mimi nimepigilia mbao za malori pale Dagoretti miaka ishirini," akasema. "Hao ng'ombe huja na lori."