Nilivyolitafuta jina la mama mzazi wa babu yangu kwenye madaftari ya ndoa, Pemba

Wakuu, salamu kwenu nyote. Haya yamenitokea mimi mwenyewe na sijatia chumvi. Majina tu nimebadilisha, maana wajomba zangu nao wamo humu.

Mimi fundi friji, nakaa Jadida, Wete. Babu yangu, Mzee Omar, yuko Mgogoni. Kapita themanini, lakini umbea wa nyumba ya tatu anausikia vizuri.

Mwaka jana aliugua. Nilipokwenda kumuangalia nikakuta ugonjwa haumshughulishi. Kinachomshughulisha ni kaburi.

"Mjukuu wangu, miye nikifa, kwenye talkini n'taitwa mwana wa nani?"

Kwa wasiojua: kwetu maiti akishafukiwa, shehe hukaa pale kaburini akamsomea talkini, kumkumbusha atakavyowajibu malaika. Hapo mtu huitwa kwa jina la mama yake, si la baba. Mama asipojulikana, huitwa mwana wa Hawa.

Na babu mama yake hamjui. Alifariki babu akiwa mchanga, mwishoni mwa miaka ya thelathini. Baba yake, Juma Songoro, alikuwa mtu wa bara aliyekuja kuchuma karafuu akabaki huku huku. Naye hakuishi sana. Babu akalelewa na mama wa kambo, Bi Time, aliyempenda kweli kweli.

Nikamuuliza kwa nini hakumuuliza Bi Time alipokuwa hai. Akaniangalia kama nimemtukana.

"Ningemuulizaje? Si ningekuwa namwambia weye si mamaangu?"

Wakuu, nikaamua nitalitafuta jina hilo mwenyewe.

Nikaanza na makaratasi ya nyumbani. Cheti cha kuzaliwa alikipata ukubwani, na mama aliyeandikwa ni Bi Time. Kitambulisho hivyo hivyo.

Nikaenda ofisi inayotunza nyaraka za zamani, nikaomba madaftari ya ndoa ya makadhi wa miaka ile. Ni Kiswahili, lakini kwa herufi za Kiarabu. Nikazishukuru bakora za chuoni, nilikosomea Kurani utotoni, maana nilisoma mwenyewe, japo polepole kama mtu anayechagua mchele.

Siku tatu napekua ndoa za Mgogoni. Juma Songoro yumo mara moja tu, anamuoa Bi Time. Nikaanza kulalama kwa sauti kwamba kurasa zimeliwa na mchwa.

Mama mtunza nyaraka akavua miwani.

"Weye umeoa?"

"Ndiyo, bi."

"Ndoa ilifungwa kwenu au kwa kina mkeo?"

"Kwa kina mke wangu."

"Basi Mgogoni watafutani?"

Jamani! Mimi niliyeozeshwa barazani kwa mkwe wangu, siku tatu namtafuta bibi harusi kwa mume. Nilicheka, na yule mama akanicheka zaidi.

Tukafungua madaftari ya vijiji vya jirani. La Wingwi halikutuchosha: Juma bin Songoro, mkaazi wa Mgogoni, kamuoa Bikombo binti Faki. Walii, yaani aliyemuozesha, ni kaka yake, Hamad bin Faki.

Ila ndoa peke yake haithibitishi nani alimzaa nani. Nikachukua pikipiki mpaka Wingwi, nikauliza watu wa Hamad bin Faki. Nikaelekezwa kwa binti yake, Bi Mize, nikamkuta anafunga mbuzi. Nikamueleza.

"Shangazi Bikombo? Kafa miye sijazaliwa. Aliacha mtoto mchanga, Omari, babake akamchukua Mgogoni. Hapa kila tukiwasomea hitima marehemu wetu, jina lake tunalitaja. Huyo mtoto yu hai?"

Nikamwambia yu hai, na anagombana na dawa. Bi Mize akakaa chini pale pale, kamba ya mbuzi mkononi, akalia. Na mimi sikujizuia.

Nikamuuliza mbona hawakumfuata miaka yote hiyo.

"Baba alikwenda mara moja. Akamkuta kanenepa, anamwita Bi Time mama. Akaona asimvuruge."

Yaani huku walinyamaza kwa adabu, na kule babu akanyamaza kwa adabu. Miaka themanini hiyo.

Nilipompelekea babu lile jina, alilirudia polepole mara tatu. Kisha akaniuliza, "Na Bi Time, havunjiki moyo?"

Bi Time kafariki kabla mimi sijazaliwa. Nikamwambia hapana babu, atafurahi. Akaomba uji, akaumaliza.

Ijumaa iliyofuata Bi Mize alikuja na watoto wake, anamwita babu "kaka". Babu sasa kapona, kila wiki anataka apelekwe Wingwi, na mafriji ya watu yananisubiri. Nimeridhika sana wakuu, siwafichi.

Nilichojifunza: bibi ukimtafuta kwenye makaratasi, anzia kwao, siyo alikoolewa. Na haya zetu za kuulizana ni nzuri, lakini zinawapoteza kina mama.

Haya, uwanja wenu. Nani humu anaweza kuandika hapa jina la mama wa babu yake bila kupiga simu nyumbani kwanza?