Mama anakuja kusalimia marehemu kwa console yangu, na Kendi anataka tuchukue PC

Admin wa hii group salimia watu wako, lakini jina yangu kalia kabisa, usiitoe, manake wale hununua viazi kwangu soko ya Gakoromone wako humu, na wakisoma hii watasema nauza viazi za majini. Mimi ni kijana wa miaka ishirini na saba, wa Meru. Shule niliachana nayo darasa la saba, ama ni hiyo shule iliachana na mimi, hatujawahi elewana. Mchana ni viazi na karoti, jioni nachezesha vijana gemu kwa console, ile mashine ya gemu ya kuchomeka kwa TV, kwa chumba nimekodi mtaa wa Majengo, na hapo hapo ndio nalala. Ukiniuliza hali nitakuchekesha kwanza ndio nikujibu. Lakini hii ya leo sijapata mahali pa kuichekea.

Nilikuwa na ndugu mkubwa, tumuite Mutwiri. Alikuwa anafanya kazi kwa shamba ya maua huko Timau. Baridi ya huko ikamwingia kifua, akalazwa, akatuacha. Hakuwa na bibi, hakuwa na mtoto, hata picha zake ziko mbili tu, na kwa moja amefunga macho.

Sasa kuna hii gemu ya kuunda mtu wako. Unampatia sura, nywele, jina, halafu anazunguka dunia kubwa akipigana na mashetani, akiuza ngozi, akijinunulia nyumba. Baada ya mazishi nikaanza upya, gemu ikaniuliza huyu anaitwa nani. Vidole zikaandika Mutwiri. Nikamwekea ile pua yetu pana ya nyumbani na kovu yake ya kwa nyusi. Ilikuwa mchezo tu. Nikamnunulia hata shamba huko ndani, manake ya nyumbani wazee mpaka leo hawajagawa.

Siku moja mama akapitia kwangu akitoka kanisa, akapata Mutwiri amesimama kwa TV. Nilitaka kuzima, akanishika mkono. Akasema polepole, "Muga, Mutwiri," vile tunasalimiana kwetu. Kutoka hiyo siku, kila Jumapili lazima apitie. Anakaa kwa kitanda na Biblia kwa mapaja, ananiagiza.

"Usimpeleke vita leo, amechoka."

"Hapo kuna barafu, wewe kijana! Mvalishe kitu nzito!"

Nikimwambia, "Mama, huyu ni katuni," ananiambia, "Na wewe ni nini? Mvalishe." Namvalisha. Mtanicheka, lakini mama alikuwa amekonda mpaka sketi inafungwa na kamba. Siku hizi anakula, na anaongeza.

Mwenye hafurahii ni Kendi, msichana nataka kuoa. Akibadilisha nguo lazima afunike TV na leso. "Shemeji ananiangalia," anasema. Nikamwambia basi amsalimie. Hakucheka. Anataka tubadilishane na jamaa fulani, tumpatie console atupatie PC, yaani kompyuta. Gemu ni hiyo hiyo, kwa PC picha ni safi kushinda, na zile saa hakuna wachezaji Kendi anachapia watu barua na kuwatumia maombi ya kazi, tunakuwa na cyber. Hiyo ni maneno ya akili, siwezi bisha. Lakini kuweka zote mbili siwezi, jamaa bila console haachilii PC yake. Na ule mtu umemuunda kwa console hahami kwenda kwa PC. Anabaki huko ndani, na jamaa ameshaniambia akifika nayo nyumbani anafuta kila kitu aanze na yake.

Nilienda kwa huyo jamaa nikajaribu kuunda Mutwiri mwingine kwa PC. Pua ni ile, kovu ni ile, jina ni ile. Akasimama hapo akiniangalia. Jamani, ilikuwa kama mtu ameokota nguo za ndugu yangu akavaa. Nikazima, nikaenda zangu bila kuaga.

Jumapili imepita ndio imeniharibu kabisa. Nilikuwa nimeweka pad, ile ya mkono ya kuendesha gemu, kwa meza nimwagie mama chai. Akaambia TV, "Mutwiri, huko Timau ulisikia baridi?" Na Mutwiri akageuka, akamwangalia, akatingisha kichwa. Hapana. Sasa msiniambie, najua hawa watu wa gemu ukiwaacha wanajikuna, wananyoosha mgongo, wanaangalia kando. Nimecheza hiyo kitu tangu tumzike na hiyo ya kutingisha kichwa sijawahi iona. Kendi pia aliona, akaacha ugali ikaungua. Mama peke yake ndio hakushtuka. Alilia kidogo, akashukuru Mungu, akamaliza chai yake. Akiwa kwa mlango akaniambia, "Jumapili nitamuuliza kama aliniita."

Nikazima TV kabla hata afike nje. Manake mimi ndio nilikuwa na Mutwiri hospitali, mama hakufika. Na aliita. Aliita mama mpaka sauti ikaisha, akabaki anaita na midomo. Nyumbani hakuna mtu aliniuliza, na hiyo maneno sijawahi pata mdomo ya kuisema.

Kendi anasema tuchukue PC kabla Jumapili, nimwambie mama console iliungua. Na ukweli ni kwamba ningelala vizuri ikitoka hapa, siku hizi nageuzia TV ukuta. Lakini huyu mama amezika Mutwiri mara moja, nimwambie azike tena? Na nikibaki na console, Jumapili atakaa kwa hicho kitanda aulize, na pad itakuwa kwa mkono yangu ama kwa meza, na sijui ni gani naogopa zaidi.

Wakubwa kwa wadogo, wenye mmezika na wenye hamjazika, niambieni nishike gani, console ama PC. Na mkisema nibaki na console, mniambie pia, mama akiuliza nimjibu mimi, ama ninyamaze nione kama Mutwiri atajibu mwenyewe?